Kukodi boti ya tanga Entebbe hadi Ssese: shajara ya maandalizi na safari

14 Septemba 2024: Nia na njia

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye ngalawa ya baba mdogo, na kamba ya tanga niliishika kabla ya kalamu. Sasa ni miaka mingi nikiwa Uganda. Wanangu wawili, mmoja miaka 12 na mwingine 8, wote wazaliwa wa Kampala, hawajawahi kuketi kwenye chombo kinachokwenda kwa upepo. Nimeamua likizo ya Januari wataketi.

Safari yenyewe ni ya visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria: Entebbe mpaka Lutoboka kwenye kisiwa cha Bugala, kutoka Bugala mpaka kisiwa cha Bukasa, halafu kurudi Entebbe. Siku tano. Watu watano: mimi, mke wangu, shemeji yangu na watoto wawili, pamoja na nahodha. Usiku tutalala nchi kavu, kwenye nyumba za wageni au mahema.

Anayetaka kufika tu Kalangala, mji wa kisiwa cha Bugala, asijisumbue na shajara hii. Meli ya MV Kalangala hutoka Nakiwogo, Entebbe, na kufika Lutoboka kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, na upande wa Masaka kuna feri ya bure kati ya Bukakata na Luuku. Nawaandikia wanaotaka kukodi chombo chao wenyewe. Nilipoanza kuulizia, kila mtu alinitajia bei, na hakuna aliyeniambia nikague nini.

Majira nimeyachagua kwa hesabu. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti na mawimbi ya ziwa hili yanakuwa mafupi na makali, hayafanani na ya bahari. Machi hadi Mei ni mvua, na Septemba hadi mapema Desemba mvua tena. Januari kuna nafuu, ingawa dhoruba za usiku hazikatiki kabisa mwaka mzima. Mwezi utapevuka tarehe 13 Januari, kwa hiyo tukiondoka tarehe 15 alfajiri tutakuwa na mwanga.

29 Septemba 2024: Shilingi 200,000 zimepotea

Nilionyeshwa picha kwenye simu: boti ya mbao, futi 30, tanga jeupe, imepakwa rangi ya buluu. Mwenyewe akasema wengine wanaitaka, nikatuma shilingi 300,000 za Uganda za kushikilia nafasi. Leo nimekwenda kuiona mwaloni, pale boti zinapofungwa. Mlingoti hauna, ulishakatwa kuwa nguzo ya kibanda. Mishono ya mbao imezibwa kwa matambara na lami, na nilipopanda nilikuta maji ya ngama yanafika kwenye vifundo vya miguu, boti ikiwa imefungwa tu na haijabeba mtu. Picha ile ilipigwa zamani sana.

Baada ya majadiliano marefu chini ya mwembe nimerudishiwa 100,000. Zilizobaki nimezisamehe kwa sababu sikuwa na karatasi yoyote.

Tangu leo, hela haitoki mpaka macho yangu yameona chombo kikiwa majini, na mkono wangu umegusa sakafu ya ndani kabisa, chini ya zile mbao za kukanyagia. Pale ndipo boti inaposema ukweli wake. Pakiwa pakavu na pana vumbi, vizuri. Pakiwa pabichi, uliza yanapoingilia. Pakiwa pamepigwa rangi mpya jana, ondoka.

12 Oktoba 2024: Boti imepatikana

Jumamosi mbili nimezunguka Ggaba, Munyonyo na Kaazi, kisha Entebbe. Boti za injini za kukodi ni nyingi, za matanga ni chache sana. Kaazi, penye klabu ya matanga, mtu mmoja alinielekeza kwa mkazi wa Entebbe mwenye boti ya fibaglasi ya futi 27, mlingoti mmoja, matanga mawili, mkuku wa kupandisha na kushusha, injini ya nje ya nguvu za farasi 15. Nimeingiza mkono chini. Pakavu.

Bei: 400,000 kwa siku. Nahodha 70,000 kwa siku, juu yetu. Mafuta juu yetu.

Sikusema lolote juu ya bei kwa dakika 20 za kwanza, niliomba karatasi. Uganda ina sheria ya usafiri wa majini ya 2021, na chombo cha kubeba watu kwa malipo kinatakiwa kuwa na leseni hai, si ya mwaka jana. Nilisoma tarehe, nikalinganisha namba ya kwenye karatasi na iliyochorwa ubavuni mwa boti. Watu wengi wanaona aibu kufanya hivyo mbele ya mwenye mali. Novemba 2018, boti ya starehe isiyo na leseni, iliyopakia kupita kiasi, ilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa mbele ya ufukwe, jioni, wakiwa na nguo za sherehe. Nilikuwa Kampala wiki ile. Tangu hapo sioni aibu tena.

Nahodha ni mzee wa makamo, mzaliwa wa visiwa vya Ssese, alivua sangara miaka mingi kabla ya kugeukia boti za wageni. Kiswahili chake ni kile cha barabarani Kampala, kinatosha. Nilimuuliza mara ya mwisho aliahirisha safari lini na kwa nini. Akajibu pale pale: wiki mbili zilizopita, wingu, abiria walikasirika, hakwenda. Jibu hilo lilinifanya nimtake yeye hata kuliko boti yake.

26 Oktoba 2024: Mkataba

Ukurasa mmoja, umeandikwa kwa mkono, nakala mbili, umesainiwa na mwenye boti, nahodha na mimi. Mambo yaliyotuchukulia muda ni haya.

Kwanza siku. Mwenye boti alihesabu siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na kila kinachozidi ni siku nyingine. Kwa boti inayolala na wageni visiwani hesabu hiyo inaumiza. Tumekubaliana siku ni saa 24 kuanzia tunapong'oa nanga Entebbe.

Pili dhoruba. Nahodha akisema hatuondoki, hatuondoki, na hakuna abiria wa kumshinikiza. Siku ya ziada itakayotokana na hali ya hewa inalipwa nusu kwa boti, na nahodha anapata posho yake kamili. Nilisisitiza hilo la posho. Nahodha asiyepata chakula akiahirisha safari atajikuta anasafiri siku asiyopaswa.

Tatu mafuta. Tenki linatoka limejaa na kurudi limejaa, na tunapima kwa kijiti mbele ya wote.

Nne vifaa. Tumeorodhesha kila kilichomo botini: nanga, kamba, majaketi ya kuokolea, taa, kizima moto, ndoo za kufua maji yaliyoingia botini. Kikiharibika kwa uchakavu ni cha mwenye boti, kikiharibika kwa uzembe wetu ni chetu. Naongeza baadaye: orodha hii ilikuja kunirudishia hela Januari.

Tano jaribio. Hakuna malipo ya kushikilia nafasi mpaka tumetoka nayo ziwani nusu siku, tukiwa watu wote na uzito wote. Mwenye boti hakupenda. Nikamwambia nusu siku hiyo nailipia, 200,000, na nikiridhika naweka nusu ya fedha zote siku hiyo hiyo. Akakubali.

9 Novemba 2024: Jaribio

Leo ndiyo siku iliyookoa safari nzima, kwa hiyo naiandika kwa kirefu.

Tulianza na majaketi. Yalikuwa manane, mazuri kwa macho, ya rangi ya chungwa. Fundi magari jirani yangu aliniazima chuma chenye uzito wa kilo 7. Tulikifunga kwenye jaketi moja moja na kulitupa kutoka gatini likiwa na kamba. Jaketi la mtu mzima lililo zima linatakiwa kubeba uzito huo bila kuhangaika. Matano yalielea. Matatu yalikwenda chini kama gunia la chumvi. Moja tulilipasua kwa kisu mbele ya mwenye boti: ndani mlikuwa na sponji ya godoro. Nililiminya, maji yakatiririka mpaka kwenye viwiko. Mke wangu alilishika lile pasuko muda mrefu bila kusema neno, kwa maana dakika kumi kabla alikuwa amemvalisha mtoto mdogo jaketi la aina hiyo hiyo.

Halafu la watoto. Nilimvalisha binti wa miaka 8 moja ya yale yaliyoelea, nikalifunga vizuri, nikalishika mabegani na kuvuta juu. Likapanda mpaka masikioni, kidevu kikazama ndani. Majini lingemvuka kichwa. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto hata likifungwa namna gani. Linatakiwa la kilo zake, lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja.

Kisha tukatoka. Tulikuwa watu sita na madumu ya maji mahali pa mizigo ya siku tano. Injini iliunguruma vizuri kwa dakika 40, ikakohoa mara mbili, ikazima. Nahodha aliivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Nikamwambia, "Nahodha, mafuta hayo tuyaangalie." Akafungua kikombe cha kabureta, akamwaga kilichomo kwenye chupa ya jemu. Tukaisubiri itulie. Petroli ilikaa juu na rangi yake ya manjano hafifu, na chini yakajikusanya maji safi, kama kidole kizima. Raba ya mfuniko wa tenki ilikuwa imepasuka na mvua za Oktoba zimeingia.

Basi tukatweka tanga turudi nalo. Tanga likapanda nusu mlingoti na kukwama. Halipandi, halishuki. Kamba ya kupandishia ilikuwa imetoka kwenye gurudumu la kapi na kubanwa pembeni, kwa sababu kapi lenyewe limelika. Upepo siku hiyo ulikuwa mwanana, tukaweza kurudi na nusu tanga, polepole, saa mbili kwa mwendo wa kilomita tano. Siku ya dhoruba, tanga lisiloshuka lingetupindua.

Nilikasirika, lakini sikumgombeza mtu. Mwenye boti mwenyewe alikuwa amenyamaza, ameshika lile jaketi lililopasuliwa. Tukaandikiana: yeye anabadilisha kapi na kamba ya tanga, raba ya tenki, na kuweka kichujio cha kutenganisha maji na mafuta, mimi nachangia 90,000 za kichujio na madumu mawili mapya ya petroli. Majaketi nimeamua kununua yetu wenyewe, yawe ya familia maisha yote.

Jambo moja jema la siku: tulipima ulaji wa mafuta. Kwa mwendo wa wastani, boti ikiwa na mzigo, ni lita 4 kwa saa, kilomita 9 hivi kwa saa. Njia yetu yote ni kama kilomita 130. Tungekosa upepo kabisa tungehitaji saa 14 na zaidi, lita 58. Kwa hiyo tunabeba 60, na zote zinatoka kituo cha mafuta mjini Entebbe. Petroli ya visiwani inauzwa ghali, nayo imeshapita madumu mengi.

30 Novemba 2024: Marekebisho

Majaketi matatu ya watu wazima, 85,000 kila moja. Mawili ya watoto, 70,000 kila moja. Ya watoto yalikuja bila mkanda wa mapajani, fundi cherehani akashona ukanda wa begi na klipu, 10,000 kwa yote mawili. Yote yamepita mtihani wa chuma, ya watoto kwa uzito mdogo zaidi. Kapi jipya nimelijaribu mwenyewe: tweka, tua, tweka, tua, mara kumi. Injini imekwenda saa moja na nusu bila kukohoa. Nusu ya fedha nimelipa leo.

14 Januari 2025: Kupakia

Hakuna la ajabu. Maji ya kunywa lita 60, chakula, mahema mawili, simu ndani ya mifuko ya plastiki isiyopitisha maji, laini za mitandao miwili tofauti kwa sababu kuna sehemu kati ya visiwa mmoja unapotea na mwingine unashika. Nimeandika majina ya abiria, namba za simu, njia na siku za kufika, nakala tatu: moja kwa kiongozi wa mwalo, moja kwa dada yangu Kampala, moja botini. Nimesoma utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Taifa. Nahodha naye ametazama angani kwa muda wake.

15 Januari 2025: Entebbe hadi Lutoboka

Tumeng'oa nanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi ukiwa magharibi na maji yameng'aa. Saa hii si ya kujitesa bure. Usiku nchi kavu inapoa na upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, yaani kutoka kaskazini kwa anayeondoka Entebbe. Mchana nchi inapata joto na upepo unageuka, unatoka ziwani kusini. Anayekwenda Ssese akiondoka saa nne asubuhi baada ya kunywa chai anakutana na upepo usoni na anabisha, yaani anakwenda mshazari dhidi ya upepo, kutwa nzima. Tuliuwahi ule wa alfajiri, na tanga likajaa bila hata kuvutwa.

Giza likianza kupauka, binti yangu aliyeshika simu alipiga kelele. Namba kwenye kioo zilikuwa sifuri, sifuri, sifuri. Tulikuwa juu ya mstari wa ikweta, na hakuna kitu cha kuona ila maji ya kijivu na ndege wawili weusi. Kisha binti akauliza mstari uko wapi. Nahodha akamwambia, "Mtoto, umekaa juu yake." Akainuka kuangalia alipokaa.

Kwa mbali kusini ulionekana kama moshi mrefu unasimama juu ya maji. Si moto, ni wadudu wa ziwani, mamilioni, wanapanda pamoja. Nahodha alibadili njia kidogo tusiwapitie.

Saa mbili boti ya doria ya jeshi ilitusimamisha. Wanajeshi walianza kusimamia uvuvi kwenye ziwa hili mwaka 2017. Walipanda, wakahesabu vichwa, wakahesabu majaketi, wakaomba leseni na orodha ya abiria. Dakika tano. Kilichotuchelewesha ni ndoano za shemeji. Alileta fimbo ya kuvulia bila kuniambia, na hana kibali. "Afande, ni za kuchezea tu," akasema. Afande akamjibu kwa upole kwamba samaki hawajui kama unacheza. Fimbo ilifungwa ndani ya mfuko na kuwekwa chini mpaka mwisho wa safari. Anayetaka kuvua akate kibali kabla, au aiache nyumbani.

Saa tatu upepo ukafa, tukawasha injini. Saa tano na nusu tulikuwa Lutoboka, msitu umeshuka mpaka kwenye maji. Lita 10 zimetumika.

17 Januari 2025: Nanga

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa, dhoruba imetoka ziwani. Sisi tulikuwa ndani ya nyumba ya wageni. Niliamshwa na mabati, nikakimbilia ufukweni na tochi. Nahodha, anayelala botini, alikuwa amesimama omo, mbele ya boti, anapiga kelele kwa Kiganda, na boti inarudi nyuma kuelekea kwenye gati la mbao. Nanga inaburura.

Niliingia majini mpaka kifuani pamoja na shemeji, tukaisukuma boti ubavuni wakati nahodha anawasha injini. Aliipeleka mbele, akaishikilia pale dhidi ya upepo kwa karibu nusu saa mpaka ukalegea. Boti imechunwa rangi kwa urefu wa mkono mmoja tezini, upande wa nyuma. Hakuna aliyeumia.

Asubuhi tuliivuta nanga tuitazame. Ni ya ndoano nne, kilo 5, imefungwa kamba moja kwa moja, hakuna mnyororo. Kamba yote ni mita 12. Tulitia nanga kwenye kina cha mita 4. Yaani kamba ilikuwa mara tatu ya kina. Baba mdogo angeniadhibu kwa hili. Kwa chombo cha kulala nje, kamba iwe mara tano ya kina hali ikiwa shwari, mara saba au zaidi ukitarajia upepo, na kipande cha kwanza kiwe mnyororo, ili uzito uilaze nanga iume chini badala ya kuinuliwa na kila wimbi. Nilijaribu majaketi, injini na tanga, na nanga nikaiandika kwenye orodha bila kuitoa kwenye sanduku lake. Kosa ni langu.

Kalangala mjini hapakuwa na mnyororo unaofaa. Nimenunua kamba mita 30 kwa 90,000, tumeiunganisha na ile ya zamani, na hatua mbili kutoka kwenye nanga tumening'iniza gunia dogo la mawe kufanya kazi ya mnyororo. Si kazi ya kujivunia, lakini jioni tuliijaribu kwa kurudisha injini nyuma kwa nguvu, na boti haikusogea. Kujaribu hivyo kila unapotia nanga kunachukua dakika mbili.

Siku ya Bukasa imesogea mpaka kesho.

18 Januari 2025: Bukasa

Siku nzuri kupita zote, kwa hiyo sina mengi. Tumepita visiwa vidogo vingi, na nahodha alituonyesha upande wa Bubembe, ambako Waganda wa zamani walikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa. Mwanangu mkubwa ameshika usukani saa nzima. Mwanzo alikuwa anautazama usukani wenyewe, njia inapinda kama nyoka. Nikamwambia achague mti mmoja kule kisiwani na asiuache kwa macho. Njia ikanyooka.

Mafuta lita 6.

19 Januari 2025: Hatukuondoka

Tulikuwa tumefungasha. Saa kumi na mbili asubuhi nahodha alisimama ufukweni, akaniambia, "Mzee, leo hapana. Angalia hiyo wingu." Mashariki kulikuwa na ukuta mweusi, chini yake mstari mweupe juu ya maji. Shemeji alitakiwa kazini Jumatatu na alianza kubishana: mbona juu yetu ni kweupe, tukiwahi si tutalitangulia? Nilimkumbusha mkataba aliousoma yeye mwenyewe. Akatulia, akapiga simu kwa bosi wake.

Saa mbili na robo upepo ulipiga. Mitumbwi miwili ya wavuvi iliyokuwa imetoka ilirudi, mmoja watu wakifua maji kwa ndoo bila kupumzika. Shemeji alikwenda kuwasaidia kuvuta mtumbwi wao nchi kavu. Aliporudi alimpa nahodha mkono.

20 Januari 2025: Kurudi, na wavu

Kurudi kaskazini hesabu ya upepo ni kinyume: asubuhi uko usoni, mchana uko mgongoni. Tumeondoka saa moja, tukaenda kwa injini.

Saa tatu injini ilishtuka na kusimama kama imeshikwa na mkono. Wavu wa nailoni, ule mwembamba usioonekana majini, umejizungusha kwenye propela mpaka umekuwa donge. Injini ikainuliwa. Nailoni ikikatwa nje tu, ile iliyoingia nyuma ya propela inabaki na kukata raba ya mhimili, baadaye maji yanaingia kwenye gia. Lazima propela itoke.

Nahodha alivua shati, akalifunga mikono yake kuzunguka mguu wa injini, likawa kama mfuko chini ya propela. Sikuelewa mpaka nati ilipomponyoka kidoleni na kudondokea ndani ya shati. Bila shati lile nati ingekuwa chini ya ziwa, na sisi tunaelea na tanga bila upepo. Pini ndogo inayozuia nati ilivunjika, tukaweka waya wa kufungia uzio. Saa nzima imekwenda. Beba koleo, kisu chenye meno, pini nne na nati moja ya akiba, bei yake haifiki ya soda za familia.

Saa tano kusi ikaanza kwa upole. Tulizima injini, tukatweka matanga yote mawili, na boti ikaanza kuimba ile sauti ya maji chini ya omo niliyoifahamu tangu utoto. Mdogo alilala chini ya tanga mpaka Entebbe. Saa tisa alasiri tukafunga kamba. Orodha ya abiria nikaenda kumwambia kiongozi wa mwalo aifute.

27 Januari 2025: Hesabu

Boti siku tano 2,000,000, siku ya dhoruba nusu 200,000. Nahodha siku sita 420,000. Petroli lita 60 kwa 5,100, jumla 306,000, zimetumika 31, na zilizobaki nimemwachia nahodha. Jaribio la Novemba pamoja na mafuta yake 261,000. Majaketi na ushonaji 405,000. Kichujio na madumu 90,000. Fedha zilizopotea Septemba 200,000. Jumla 3,882,000, bila chakula na malazi, tumegawana na shemeji. Kamba ya Kalangala, 90,000, mwenye boti amenirudishia yote baada ya kusoma orodha ya vifaa, na Jumamosi alinipigia kuniambia ameweka mnyororo wa mita 5. Rangi ya tezini ameitengeneza mwenyewe.

15 Machi 2025: Dawa

Ziwa hili lina kichocho. Hatukuogelea, ila mimi na shemeji tuliingia majini usiku wa nanga, na wote tulilowa miguu kila tuliposhuka ufukweni. Dawa ni prazikwanteli, na ukiimeza mapema mno haiwaui wale minyoo wachanga, ndiyo maana tulisubiri wiki nane. Leo tumekwenda zahanati wote watano na nimemlipia nahodha apimwe huko kwao. Nesi alimpima kila mmoja uzito, akahesabu vidonge, akasema tumeze tukiwa tumeshiba. Binti alilalamika vichungu. Akameza, akauliza Januari ijayo nani atashika usukani kwanza, yeye au kaka yake.